Mnara wa Simu, Kinga ya Mwili na Saratani: Mambo Anayopaswa Kujua Mkazi wa Ziwani

Mtoto akivimba taya katika kisiwa cha Takawiri, maneno huanza kabla boti ya kwenda Mbita haijajaa abiria. Mmoja atasema ni jino. Mwingine atataja chira. Siku hizi kuna jibu la tatu linalosikika ufuoni na katika mabaraza ya machifu, kuanzia visiwani hadi upande wa Migori: ni mawimbi ya mnara wa simu, yanaua kinga ya watoto na kuleta saratani.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Makala haya yanaeleza mawimbi hayo ni nini, wanasayansi wameona nini yanapogusa seli za kinga na seli za saratani, na ni hatari gani iliyo karibu zaidi na watoto wetu. Tunaomba uyasome hadi mwisho, hasa ikiwa una mtoto wa chini ya miaka 10.

Mawimbi haya ni ya aina gani?

Mwanga wa jua, joto la jiko, redio, simu, nyaya za stima na eksirei zote hutoa mawimbi ya jamii moja, yanayoitwa mawimbi ya sumakuumeme. Tofauti yake ni kasi ya mtetemo. Nyaya za stima za Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Mawimbi ya simu hutetema mara milioni 900 kwa sekunde, na mengine zaidi ya bilioni 2. Eksirei hutetema mamilioni ya mara zaidi ya hapo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua madhara. Ndani ya kila seli ya mwili kuna DNA, yaani maelekezo ya jinsi seli inavyofanya kazi, inavyojigawa na wakati inapopaswa kufa. Saratani huanza maelekezo hayo yanapoharibika na seli ikaanza kujigawa bila breki. Eksirei, na sehemu ya mwanga wa jua inayoitwa miale ya urujuanimno, zina nguvu ya kutosha kuharibu DNA. Mawimbi ya simu hayana. Chukua gunia la mtama urushe punje moja moja kwenye ukuta wa mawe. Hata ukimaliza gunia zima, hakuna jiwe litakalovunjika. Nyundo ni jambo jingine. Kwa DNA, mawimbi ya simu ni zile punje na eksirei ni ile nyundo. Ndiyo maana eksirei hupigwa kwa muda mfupi, kwa sababu ya matibabu, na mfanyakazi hujikinga nyuma ya ukuta.

Yanafanya nini kwa seli?

Athari ambayo wanasayansi wote wanakubaliana juu yake ni joto. Mawimbi ya simu yakiwa makali sana hupasha mwili joto, kama tanuri la maikrowevu linavyopasha chakula. Viwango vya kimataifa vya usalama, vilivyoandikwa upya mwaka wa 2020, vimetokana na athari hiyo. Kikomo cha raia kwa mwili mzima ni wati 0.08 kwa kila kilo ya uzito. Kiasi hicho ni sehemu 1 kati ya 50 ya kiwango ambacho huanza kuleta joto lenye madhara.

Je, kuna athari nyingine mbali na joto? Watafiti wamechukua seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa kinga, wakaziweka kwenye vyombo vya maabara na kuzielekezea mawimbi. Baadhi ya majaribio yaliona mabadiliko madogo katika kemikali ambazo seli hizo hutumia kupelekeana habari. Mengine, yaliyofanywa kwa njia inayofanana, hayakuona kitu. Seli iliyo peke yake kwenye kichupa pia si sawa na seli iliyo ndani ya mtu, yenye damu, ngozi na viungo vya kuikinga.

Jaribio linalotajwa sana lilifanywa na serikali ya Marekani, na ripoti yake ikatoka mwaka wa 2018. Panya walipigwa mawimbi mwili mzima kwa saa 9 kila siku kwa miaka 2. Baadhi ya panya madume walipata uvimbe wa saratani kwenye moyo. Kipimo cha juu walichopewa kilikuwa mara 75 ya kikomo cha raia. Hata hivyo, panya madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa. Hilo ni onyo la kuendelea kuchunguza, lakini halituambii kwamba mtu anayeishi karibu na mnara atapata saratani.

Kwa upande wa binadamu, Shirika la Afya Duniani liliagiza tafiti zote zikusanywe na kupimwa pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2024. Tafiti 63 zilizochapishwa kati ya 1994 na 2022 zilichunguzwa, na matumizi ya simu hayakuonekana kuongeza saratani ya ubongo, hata kwa watu waliotumia simu kwa zaidi ya miaka 10.

Nyaya kubwa za stima nazo zina historia yake. Mwaka wa 1979 utafiti wa mji wa Denver, Marekani, ulidai kwamba watoto wanaoishi karibu na nyaya hizo hupata saratani zaidi. Tafiti za baadaye zilipounganishwa zilionyesha ongezeko la saratani ya damu kwa watoto wachache sana walioishi kwenye uga mkali wa sumaku kuliko kawaida. Mpaka leo haijathibitishwa kwamba sumaku hiyo ndiyo chanzo. Hata hivyo, kutojenga nyumba chini ya nyaya kubwa ni sheria nzuri, kwa sababu waya ukikatika unaua papo hapo.

Orodha moja, ngazi tatu

Huenda umesikia kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, limeweka mawimbi ya simu kwenye orodha ya vitu vinavyohusishwa na saratani. Ni kweli. Lilifanya hivyo mwaka wa 2011, na nyaya za stima ziliwekwa mwaka wa 2002. Lakini orodha hiyo ina ngazi.

Mawimbi ya simu na sumaku ya nyaya za stima ziko kwenye ngazi inayoitwa 2B. Maana yake ni kwamba kuna dalili hafifu, ushahidi haujatosha, na uchunguzi uendelee.

Juu yake kuna ngazi ya 2A, ya vitu ambavyo kwa uwezekano mkubwa husababisha saratani. Hapo, tangu 2012, kuna jina tunalolijua vizuri: malaria, katika maeneo ambayo watu huugua mwaka mzima.

Ngazi ya juu kabisa ni ya 1, ya vitu ambavyo imethibitishwa kwamba husababisha saratani. Humo mna sigara, jua, moshi wa dizeli na kirusi kinachoitwa Epstein-Barr.

Kwa hiyo orodha ileile inayotumiwa kuutisha umma kuhusu minara inasema kwamba ushahidi dhidi ya malaria inayoletwa na mbu anayeingia usiku katika nyumba isiyo na neti ni mzito kuliko ushahidi dhidi ya mawimbi ya mnara. Hebu tuone ni kwa nini.

Saratani ya seli za kinga iliyo kwetu

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya kwa namna isiyo ya kawaida. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu ugonjwa huo. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa uko katika maeneo yenye joto na mvua nyingi, yaani maeneo ya mbu. Kanda ya Ziwa Viktoria ilikuwa miongoni mwayo.

Ugonjwa huo sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, yaani saratani ya mfumo wa kinga wenyewe. Mwaka wa 1964 watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, walikuta kirusi kipya ndani ya uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi hicho ndicho Epstein-Barr.

Tazama miaka hiyo. Burkitt aliandika mwaka wa 1958, zaidi ya miaka 30 kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kutumika Kenya. Ugonjwa huu ulikuwa kwetu kabla hakuna mnara hata mmoja.

Unaanzaje? Kirusi cha Epstein-Barr huenea kwa mate, na karibu kila mtu hukipata maishani. Kwa wengi hakileti shida, kwa sababu askari wa kinga wanaoitwa seli T hukilinda kama mfungwa. Malaria inayorudi tena na tena huvuruga ulinzi huo kwa njia mbili. Kwanza, inazichochea seli za kingamwili zijigawe kwa wingi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika DNA. Pili, inawachosha askari. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni nyingi, na watoto wa Nandi, ambako ni chache. Watoto wa Kisumu wa umri wa miaka 5 hadi 9 walikuwa na seli T chache zenye uwezo wa kupambana na Epstein-Barr. Umri huo ndio ambao limfoma ya Burkitt huonekana sana.

Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba kuna kitu kinachoharibu kinga ya watoto wa ziwani hajakosea. Kitu hicho kimepimwa, nacho kinaletwa na mbu.

Kwa watu wazima, virusi vya Ukimwi visivyotibiwa hupunguza askari hao na kufungua mlango kwa saratani kadhaa. Kumeza dawa za ARV kila siku ni kinga dhidi ya saratani pia.

Usisubiri wiki ipite

Limfoma ya Burkitt ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe uliokuwa kama punje ya njugu Jumatatu unaweza kuwa umebadilisha uso wa mtoto wiki mbili baadaye.

Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa. Dawa za saratani huzipiga zaidi seli zinazojigawa, na watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dozi zote hupona. Anayefika baada ya meno kung'olewa bure, au baada ya wiki kadhaa za mabishano kuhusu mnara, hufika figo na uboho vikiwa vimeshaguswa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona:

– uvimbe wa taya au uso, au meno yanayolegea bila kuoza;
– jicho linalojitokeza nje upande mmoja;
– tumbo linalovimba na kuwa gumu;
– miguu inayopoteza nguvu ghafla, au mtoto kushindwa kukojoa;
– homa na kukonda kusikoisha baada ya kutibiwa malaria.

Usikubali jino la mtoto ling'olewe kabla ya uvimbe kuchunguzwa. Kutoka Takawiri, anzia zahanati au mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, akuandikie rufaa ya Mbita au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti mjini Homa Bay. Kutoka huko mtoto anaweza kupelekwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, ambako watoto wenye ugonjwa huu hutibiwa. Sajili familia yote kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, kabla hamjaugua.

Umeme unaotibu, na mashine zinazodanganya

Kuna mahali ambapo uga wa umeme umeonyeshwa kuathiri seli za saratani kwa faida. Kwa saratani kali ya ubongo kwa watu wazima, mgonjwa hunyolewa nywele na kubandikwa vibandiko vinavyopitisha umeme hafifu unaotetema mara 200,000 kwa sekunde, kwa takriban saa 18 kila siku. Umeme huo huvuruga seli zinazojaribu kujigawa. Katika jaribio la wagonjwa 695, walioongezewa vibandiko hivyo juu ya dawa waliishi kwa wastani miezi 20.9, na waliopewa dawa peke yake miezi 16. Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2011.

Zingatia mambo matatu. Tiba hiyo ilipimwa kwa wagonjwa halisi, hutolewa pamoja na dawa bila kuchukua nafasi yake, na mtetemo wake haufanani na wa simu. Bangili za sumaku, vibandiko vya kuzuia mawimbi ya simu, na ile mashine inayodai kupima viungo vyote ukishika kijiti mkononi havijapitia kipimo cha aina hiyo. Pesa ya omena isiishie huko wakati mtoto anahitaji nauli ya boti na matatu kwenda hospitali.

Mnara na simu: kipi kinakupa mawimbi mengi?

Mawimbi hupungua haraka unavyokwenda mbali. Antena za mnara ziko juu na huelekeza mawimbi mbele kuliko chini. Simu iko kwenye sikio lako. Kwa watu wengi, mawimbi mengi yanayoingia mwilini hutoka kwenye simu yao wenyewe.

Tena, simu hujipima. Mtandao ukiwa dhaifu, hupaza sauti ili mnara uisikie, kama mvuvi anavyomwita mwenzake aliye mbali majini. Mtandao ukiwa imara, hunong'ona. Kwa hiyo mkazi wa kisiwa anayepiga simu kutoka mahali penye mtandao hafifu hupata mawimbi mengi kichwani kuliko aliye karibu na mnara. Kiasi hicho bado kiko ndani ya kikomo. Ukitaka kukipunguza, tumia spika au waya wa sikioni, na watoto wasilale na simu kichwani.

Kuna wimbi jingine la kuangaliwa. Miale ya jua inayorudishwa na maji ya ziwa huharibu DNA ya ngozi na ya macho. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni kinga ya kila mvuvi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni lazima, pamoja na mafuta ya kukinga jua ambayo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwapa bila malipo waliosajiliwa.

Haki yako mnara unapojengwa

Kueleza sayansi hakumfungi mkazi mdomo. Mnara mpya unahitaji kibali cha ujenzi cha kaunti na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira ambayo majirani wanapaswa kuhojiwa. Ibara ya 42 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 35 haki ya kupata habari. Unaweza kuomba ripoti ya tathmini na vipimo vya mawimbi. Usiporidhika na leseni iliyotolewa, rufaa hupelekwa kwa Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ndani ya siku 60.

Uliza pia maswali ambayo mara nyingi husahaulika. Jenereta ya dizeli itatoa moshi upande gani? Kelele yake ya usiku itapunguzwaje? Ua umefungwa ili watoto wasipande? Kumbuka kwamba moshi wa dizeli uko ngazi ya 1.

Cha kufanya wiki hii

Funga neti, na watoto wote walale ndani yake kila usiku, hata kipindi cha ukavu. Wafungulie wanaokuja kunyunyizia dawa ya mbu. Homa ya mtoto ipimwe malaria siku hiyohiyo, na dawa zimalizwe.

Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya hapa kwetu, Ndhiwa, tarehe 13 Septemba 2019. Hutolewa bila malipo kuanzia miezi 6, kwa dozi 4. Angalia kijitabu cha kliniki cha mtoto wako leo. Ikiwa kuna dozi aliyokosa, usione haya, mpeleke zahanati.

Kisha mshike taya kwa mikono yako miwili, pande zote, na umwombe afungue mdomo. Ukihisi uvimbe ambao haukuwepo wiki iliyopita, panda boti ya kwanza asubuhi.